Niacheni Nimsikilize Rafi Mpaka Mwisho

Mji wetu umejaa makatazo. Usimwage taka hapa, usiegeshe gari hapa, usibandike matangazo, usikojoe ukutani. Yote nayakubali, na hilo la ukutani naliunga mkono kwa moyo mkunjufu. Ninachoshangaa ni kwamba katika makatazo yote hayo hakuna hata moja linalomzuia binadamu mwenye akili timamu kuukata wimbo wa Mohammed Rafi, yule mwimbaji wa filamu za Kihindi, kabla haujamalizika.

Nasema haya kwa uchungu, mimi mkaazi wa kawaida wa Unguja, mwenye shinikizo la damu, pensheni ndogo na redio nzuri. Sidai makubwa. Sikuomba gari la serikali wala safari ya kwenda kutibiwa India, ingawa India ningekwenda kwa furaha hata nikiwa mzima. Naomba wimbo mmoja tu wa filamu ya Kihindi, wa zama za watu walioimba, uanze, uende na umalizike, na mimi niwe nimekaa palepale nilipokuwa ulipoanza.

Wala nyimbo zenyewe si ndefu. Zile santuri za zamani, zilizokuwa zikizunguka mara 78 kwa dakika, upande wake mmoja haukuchukua zaidi ya dakika tatu na kitu. Humo ndani watunzi wa Bombay walilazimika kupanga vinanda vya utangulizi, kiitikio, beti mbili au tatu, filimbi ya katikati na kilio cha mwisho, kila kimoja mahali pake, bila kimoja kumsukuma mwenzake. Mara nyingine wimbo uliosikika senema ulikuwa na ubeti wa ziada ambao haukuenea kwenye santuri, na mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliitumia hoja hiyo kumweleza mkewe kwa nini ilimlazimu arudi senema ya Majestic kuiona tena picha ileile. Watu wa zamani walikuwa wakikata tiketi kwa ajili ya ubeti mmoja. Watu wa leo wanapewa beti zote bure, nao hawazitaki.

Mjukuu wangu ni kijana mwenye adabu katika mambo mengine yote. Alikuja akanikuta nasikiliza, akakaa karibu yangu, akangoja vinanda vya utangulizi kwa muda usiotosha kufunga kifungo kimoja cha shati, kisha akaniuliza, “Babu, huyu anaanza kuimba saa ngapi?” Nikamwambia kwamba ameshaanza, isipokuwa bado hajafungua mdomo. Akacheka, akausogeza wimbo mbele kwa kidole chake, na Rafi wa watu akatua katikati ya neno. Kijana huyohuyo anaweza kukaa jioni nzima akitazama kipande cha sekunde 15 kinachojirudia na kujirudia mpaka hata paka wetu ameshakihifadhi. Nilipomuuliza wimbo wenyewe kwa ukamilifu wake unasemaje, alinitazama kwa huruma na kuniambia kwamba huo ndio wimbo wote.

Sasa njoo kwenye matangazo. Umekaa, chai iko mezani, umeme haujakatika, majirani wamekwenda mazikoni, na mwimbaji Mukesh anaanza kuomboleza kwa ile sauti yake ya mtu aliyekwishasamehe kila kitu. Anafika pale ambapo moyo wako unataka kupasuka, mara anaingia mtu mwingine kwa kelele anakuuliza kama nyumba yako inahitaji rangi isiyochuja. Mwanangu ananiambia nilipie kila mwezi ili matangazo yaondoke. Nimlipe nani? Mukesh alifariki Detroit mwaka 1976 akiwa ziarani. Huyo anayetaka nimlipe ndiye aliyeleta rangi.

Najua wajuzi watanijibu kwamba nyimbo hizi na biashara ni ndugu wa tangu zamani, na hapo sibishi. Mnamo mwaka 1952 Waziri wa Habari wa India, Bwana B. V. Keskar, aliamua kwamba nyimbo za filamu zinaharibu ladha ya wananchi, akazibana kwenye redio ya taifa ili watu wasikilize muziki wa jadi na wapate ustaarabu. Wananchi wakazigeuza redio zao upande wa Colombo, ambako Radio Ceylon ilikuwa na kipindi cha kupanga nyimbo zinazopendwa, kikitangazwa na Ameen Sayani na kulipiwa na kampuni ya dawa ya meno. Ilipofika mwaka 1957 redio ya taifa ya India ilisalimu amri na kuanzisha idhaa yake ya burudani, Vividh Bharati. Kwa hiyo naiheshimu dawa ya meno, kwa kuwa iliishinda serikali. Lakini dawa ile ilingoja wimbo umalizike ndipo ikasema yake! Haikumrukia mwimbaji Lata Mangeshkar akiwa amevuta pumzi.

Kuhusu Lata, nina shauri jingine na mke wangu. Anakataza nisiimbe bafuni, eti sauti inafika mpaka kwa jirani na watu wanadhani nimeanguka. Nikamweleza, kwa utulivu na kupitia tundu la mlango, kwamba inasimuliwa kuwa Naushad, alipokuwa akitengeneza muziki wa Mughal-e-Azam, ile filamu ya mwaka 1960, alimwimbisha Lata ndani ya bafu la studio ili kupata mwangwi wa ule ukumbi wa vioo anamocheza Madhubala mbele ya mfalme. Kama bafu lilimfaa Lata, haliwezi kunikataa mimi. Mke wangu akajibu kwamba Lata alitoka humo akiwa na wimbo, nami nitoke nikiwa nimeoga, kwa sababu maji ya tangi yanakwisha.

Hali si tofauti mezani. Mwaka 1973 mtunzi R. D. Burman alifungua wimbo mmoja kwa mlio wa bilauri inayogongwa, na mpaka leo mlio huo ukisikika, watu wa rika langu huacha walichoshika. Asubuhi moja niligonga bilauri yangu kwa kijiko, taratibu, kwa mapigo yaleyale, nikitaraji mwenzangu wa ndoa ainue uso na kutabasamu. Aliinua uso. Akaniuliza kama chai ina nzi.

Wanaonikasirisha zaidi ni hawa wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili, ambao wanazungumza juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho kana kwamba wanalipwa kwa neno. Kazi yao ina faida, sikatai, na wazee wasioona vizuri wanaipenda. Lakini steling na mpenzi wake wakijificha tu nyuma ya mti, vinanda vikaanza kunong’ona, utamsikia bwana mkubwa anasema, “Hapa wanaimba tu, hakuna kitu, twende mbele.” Hakuna kitu! Mkwe wangu naye anamuunga mkono, akisema kwamba nyimbo zinachelewesha hadithi. Nimemweleza kwamba filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, ilitoka na nyimbo saba, na mwaka uliofuata ikatoka Indra Sabha yenye nyimbo zipatazo 70, kwa hiyo hadithi ndiyo iliyokuwa ikichelewesha nyimbo. Hakunijibu. Alikuwa amesogeza mbele.

Kwenye harusi nako kumeharibika. Zamani, bibi harusi akiingia, mpigaji alikuwa na haya ya kuuacha wimbo umfikishe bibi harusi kwenye kiti chake. Siku hizi kijana mwenye miwani ya jua usiku anachukua sauti ya Asha Bhosle, anaipandishia mtutumo unaotikisa meno ya bandia, anaipiga mistari miwili, kisha anaikata na kupaza sauti yake mwenyewe akiuliza kama tuko tayari. Tayari kwa lipi? Mimi nilikuwa tayari tangu mwaka 1969, Kishore Kumar alipotoka na zile nyimbo za filamu ya Aradhana, na mpaka sasa nangoja kijana huyo aniachie hata mmoja ufike mwisho wake.

Siwezi kumaliza lalamiko langu bila kumtaja jirani wa upande wa msikiti, mpenzi mkubwa wa taarabu ya Mombasa. Kila mtu wa pwani anajua kwamba marehemu Juma Bhalo alizichukua tuni nyingi za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili yenye uzito, na alifanya hivyo kwa ufundi mpaka masikio yanasahau yalianzia wapi. Jirani yangu amesahau kupita kiasi. Yeye anashikilia kwamba Wahindi ndio waliokuja pwani wakamwibia Juma Bhalo. Nikiweka wimbo wa Rafi barazani, yeye hupita, husimama, husikiliza mistari michache, hutikisa kichwa na kusema, “Tazama, hata kinanda hawakubadilisha.” Halafu hukaa, hunieleza wizi wenyewe ulivyofanyika, na kufikia hapo wimbo umekwisha bila mtu yeyote kuusikiliza. Nilipojaribu kumwonesha mwaka wa filamu, aliniambia kwamba wezi siku zote huandika tarehe ya nyuma.

Ndani ya nyumba tumegawanyika pia, kwa ugomvi usiotuhusu. Katika miaka ya 1960 Lata na Rafi waliacha kuimba pamoja kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mrabaha: Lata alitaka mwimbaji aendelee kupata chake kila santuri inapouzwa, naye Rafi aliona kwamba mtu akishalipwa ujira wa kuimba, kazi imekwisha. Mke wangu yuko upande wa Lata kwa nguvu zote. Anasema kwamba yeye amenipikia miaka yote hii na ninaendelea kunawiri kwa chakula cha zamani, kwa hiyo anastahili mrabaha. Mimi niko upande wa Rafi, lakini nalisema hilo nikiwa barazani. Na mnapobishana namna hiyo wimbo ukiwa unaendelea, nani anausikiliza? Paka.

Watu huniuliza, tena kwa dharau, Kihindi nakijua kiasi gani. Sikijui, isipokuwa maneno ya mapenzi, machozi, usiku, mwezi na dunia, ambayo kwa kweli yanatosha kwa filamu nyingi. Nilipokuwa mdogo tulitoka senema tukiimba nyimbo nzima kwa matamshi ambayo Mhindi yeyote angeyashtaki, na hapakuwa na aliyelia kwa makosa. Mama yangu alimlilia mwigizaji Meena Kumari bila kuelewa sentensi moja. Leo vijana wanaelewa kila neno la nyimbo zao, na sijamwona hata mmoja akitafuta leso.

Mwezi uliopita niliona nimepata dawa. Nilimwomba mjukuu aniwekee wimbo wa Rafi uwe ndio mlio wa simu yangu, nikiamini kwamba angalau hapo hapatakuwa na tangazo wala mtafsiri. Akaniwekea vizuri, tangu vinanda vya mwanzo. Tatizo likawa kwamba ukiipokea simu unamkata Rafi, na usipoipokea anakatwa na kampuni ya simu. Kati ya mawili hayo, mtu muungwana hachagui kukata kwa mkono wake. Basi simu ikiita naiweka mezani, nakunja miguu, nasikiliza mpaka watakapochoka wao. Juzi shemeji yangu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, jasho linamtoka, akitaka kujua kama nimepatwa na maradhi, maana amepiga tangu alasiri na sipokei. Nikamkaribisha, nikampa maji, nikamwambia kwamba mimi ni mzima wa afya, na kwamba kama hana haraka, atoke hapo nje anipigie mara moja tena, kwa sababu kila mara alikuwa akikata kabla ya ubeti wa pili.