Sofa la Tani Moja ya Korosho

Msimu wa korosho ukifunguliwa hapa Mtwara, mazungumzo ya mjini hubadilika. Mtu ambaye tangu Machi alikuwa akiulizia bei ya mchele kwa sauti ya chini, ikifika Novemba anaulizia bei ya bati, ya pikipiki na ya masofa, tena akiwa amesimama katikati ya duka, mikono mfukoni, hana haraka. Mimi sina shamba la kunisimamisha hivyo. Ni karani wa mizani ghalani, nategemea mshahara, na mikorosho yangu ni ile michache aliyoniachia marehemu baba kule Tandahimba, ambayo ikishalipiwa salfa ya kupulizia na vibarua hubakiza fedha ya kununulia shati. Lakini mke wangu, Mama Zuhura, anaishi katika mji huu huu na ana macho, na macho hayo yameona sofa.

Ni sofa la umbo la L, la mahameli ya kijani kilichokolea, lenye vifungo mgongoni na miguu ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu. Mwishoni lina sehemu ndefu ya kunyooshea miguu, ambayo muuzaji anaiita kitanda cha mchana, ingawa kwetu sisi mchana mtu hulala mkekani chini ya mwembe na hakuna anayemdai senti. Bei yake ni shilingi 3,300,000. Mtu wa ghalani hawezi kusikia tarakimu hizo bila kukumbuka kwamba mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, ilitangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa hiyo sofa hilo, kwa hesabu ya mwaka ule, ni kilo 1,000 kamili za korosho ghafi, yaani tani nzima ambayo mtu ameiokota chini ya mikorosho, punje kwa punje, mgongo ukiwa umepinda, ili hatimaye mgongo huo huo upate pa kuegemea.

Zamani tulikuwa na kinga. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mzigo wa kutoka Dar es Salaam ulisubiri kivuko pale Rufiji, na aliyekuwa na akili timamu hakusafirisha sofa la mahameli kwa njia hiyo. Siku hizi lori likipakia Dar jioni, kesho yake liko hapa, isipokuwa mvua iamue vingine, kama ilivyokuwa Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika kule Somanga na wanaume tukapata muda wa kupumua. Daraja ni maendeleo, sikatai, nasema tu kwamba limenigharimu.

Uzuri wa sofa lenyewe siubishi. Pale dukani linapendeza kweli kweli, lakini dukani lina ukumbi mzima, dari iko juu, taa zinalimulika kutoka pande zote na sakafu ya vigae inang'aa chini yake. Hata mimi nikiwekwa pale nikamulikwa namna ile, nitapata mnunuzi. Swali langu ni kama sofa hilo na sebule yetu ya mtaani Chuno vinaweza kuishi pamoja, na swali hilo halijibiwi kwa macho bali kwa futi kamba, kifaa ambacho Mama Zuhura hakutaka nikichukue kwa madai kwamba nakwenda kupima ili nipate sababu.

Nikapima, na sababu zikajitokeza zenyewe. Sebule yetu ina mita 4 kwa 3.5, yaani mita za mraba 14. Sofa lina mita 3.2 upande mrefu, mita 2.2 upande mfupi, na mita 1 kutoka mgongoni hadi ukingo wa mbele, jumla mita za mraba 4.4, karibu theluthi ya chumba, bila kulipa kodi. Likikaa kwenye ule ukuta wa mita 4, linabakiza sentimita 80 tu mbele ya mlango ambao ubao wake una upana wa sentimita 90 na hufungukia ndani. Maana yake ni kwamba kila aingiaye nyumbani kwangu atapita ubavu, mwembamba kwa mnene, na mgeni mnene atasalimiwa akiwa bado nje mpaka tujue la kufanya. Upande wa pili, ile sehemu ya kunyooshea miguu inafika sentimita 80 kutoka kabati la televisheni, kwa hiyo atakayejilaza pale wakati wa taarifa ya habari ataweza kumhesabu msomaji meno.

Mama Zuhura akasema kwamba tarakimu hazina raha na kwamba mimi huzitumia kuwaogopesha watu. Ndipo nikachukua magunia matupu ya korosho nikayatandika sakafuni kwa kipimo kile kile, L nzima, mita 3.2 kwa 2.2, nikatangaza kwamba hilo ndilo sofa na kuanzia muda huo hakuna ruhusa ya kulikanyaga wala kulipita juu. Mtu yeyote anayefikiria kununua samani kubwa ningemshauri afanye hivyo, ikiwa ndoa yake ina nguvu. Jioni ile chakula kilipoiva, mkeka wa kulia ulikosa mahali. Ulitandikwa nusu, nusu nyingine ikapanda ukutani, na bakuli la mchuzi wa pweza likawekwa juu ya kizingiti cha korido ambako Zuhura alilipiga teke wakati akirudi kuchota maji ya kunawa. Usiku mpwa wangu akarudi na pikipiki yake ya bodaboda, ambayo kama pikipiki zote za mji huu zenye mwenyewe anayejitambua hulala sebuleni, juu ya kipande cha boksi cha kukinga oili. Akasimama mlangoni, taa ikiwaka, akauliza, "Mjomba, leo nalala nayo wapi?" Nikamwambia amuulize Mama Zuhura. Mama Zuhura akamjibu kwamba pikipiki ni chombo cha nje. Kijana akaitazama pikipiki, akaitazama giza ya nje, akakaa juu ya gunia kufikiri, na nikalazimika kumkumbusha kwamba amelikalia sofa na viatu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na naona watu wa madukani hawalisemi. Sebule ya kwetu haina kazi moja. Asubuhi ni njia, mchana ni mahali pa watoto kuandikia, jioni ni chumba cha chakula, usiku ni gereji, na mgeni wa kulala akitoka kijijini ni chumba cha wageni. Kwenye shughuli ndiyo usiseme. Tukiwa na kisomo, au Mungu apishe mbali tukipata msiba, jambo la kwanza ambalo vijana wa mtaa hulifanya ni kuingia ndani na kutoa kila kitu nje: viti, meza, kabati, ili mikeka itandikwe ukuta kwa ukuta na watu wakae. Viti vyetu vya plastiki hutoka vyote kabla chai haijachemka. Sofa la tani moja ya korosho litatolewa na nani, na litapita wapi?

Maana hata kuingia kwake ni mtihani. Mlango wetu una sentimita 90, lakini ukitoa unene wa fremu na ubao wa mlango unaobaki umesimama pembeni kwa ukaidi, kinachobaki ni kama 80. Kipande kimoja cha sofa hilo kina kina cha mita 1 na kimo cha sentimita 85. Nilipomweleza muuzaji alitabasamu, akasema, "Litapita tu, mzee wangu, tutalilaza." Kauli hiyo aliambiwa pia jirani yangu. Sofa lake lilipogoma kupita wabebaji wakiwa wamelilaza, wakalisimamisha, likagonga lenta. Wakajaribu dirishani, nondo zikakataa. Na wabebaji, kwa kuwa walikuwa wamelipwa kufikisha mlangoni na kweli walikuwa wamefikisha mlangoni, wakaondoka. Sofa likabaki barazani limeegama upande mithili ya jahazi lililopwelewa, limefunikwa turubai, mpaka fundi alipopatikana wa kung'oa fremu, na kabla hajapatikana mbuzi wa mtaa walikuwa wameshalizoea. Jirani sasa analo sebuleni, ana fremu mpya, ana kiraka cha saruji ambacho hakijapakwa rangi, na harufu ya mbuzi humjia kila mvua ikinyesha.

Tuseme limeingia. Hapa tunaishi pwani, na hewa yetu ina chumvi. Ile miguu ya dhahabu ni chuma kilichopakwa rangi, na chuma hapa Mtwara, kama kila mwenye baiskeli anavyojua, huanza kutu pale tu kinapoona bahari. Mahameli nayo hupenda vumbi, hupenda unyevu, na ikifika masika hupenda ukungu. Nilidhani ngozi ingekuwa afadhali, mpaka nikaelezwa kwamba nyingi ya hizi za bei ya kati si ngozi bali ni utando wa plastiki uliobandikwa juu ya kitambaa, ambao joto na unyevu huuchakaza mpaka ukabanduka magamba magamba na kumganda mtu mgongoni. Halafu kuna feni. Umeme ukikatika, na hukatika hata katika mji huu uliokalia gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982, mtu aliyekaa kwenye mahameli mwezi wa Desemba hafai kuitwa mwenye nyumba. Ni mtu anayechemshwa.

Nikarudi dukani kukagua mbao, kwa sababu fundi seremala mmoja wa Mikindani aliniambia kwamba sofa hukaguliwa kwa kuinuliwa kona moja ya mbele kiasi cha shibiri: mguu wa kona ya pili ukinyanyuka nao mapema, fremu ni ngumu, ukibaki chini umetulia, fremu inajikunja na hutapata nayo miaka mingi. Nikainua. Mguu wa pili ukabaki chini, umetulia, kana kwamba habari hizo hazikuuhusu. Muuzaji alikuja mbio akaniomba nisiguse bidhaa. Nikamuuliza ndani ni mbao gani, akanijibu kwamba ni za Uturuki.

Sijamgusa mama mkwe bado. Yeye hutoka Newala kila baada ya mavuno, ni mwanamke mfupi, mwenye adabu zake, na akija hukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nami hukaa changu karibu na mlango, na katikati yetu pana nafasi ya heshima ambayo hakuna aliyeipima lakini wote tunaijua. Sofa la L linaiondoa nafasi hiyo. Wawili mkikaa pande mbili za kona, magoti yanakaribia kugusana, na mkikwepa kona, mnakuwa mmekaa safu moja mnatazama mbele kama abiria. Tena sponji ni laini na kiti chenyewe kirefu kwenda ndani: bibi yule akiegemea, miguu haitafika chini, na akitaka kuinuka itabidi avutwe. Nani atamvuta mkwe wake?

Mama Zuhura ana hoja zake, nisimdhulumu. Anasema fedha za korosho, hata zile kidogo, zisipogeuzwa kuwa kitu huyeyuka, na hajaona bado mwanaume aliyezigeuza kuwa kitu bila kusukumwa. Anasema kila mwaka namwambia mwakani. Anasema pia, na hapa sauti hushuka, kwamba wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa wakija kwetu hugawanywa: wawili kwenye kochi la zamani ambalo springi yake imetokeza, waliobaki kwenye plastiki, na yeye mwenyewe kwenye ndoo. Nikampendekezea fundi wa hapa hapa atutengenezee sofa la watu watatu, la mita 2 tu, na viti viwili vyepesi vya mninga, vitu vinavyopita mlangoni na kutoka vijana wakiviita, tena kwa nusu ya bei. Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama vitambaa alivyofuma tangu mwaka jana, vya rangi ya maziwa, vilivyopangwa kwa ajili ya mgongo mrefu usiokatika, ninataka avifumue.

Tumefika mahali pa kulegeza pande zote. Mimi nimekubali sofa la L, lakini dogo, linalofunguka vipande vitatu, fremu ya mninga, kitambaa kigumu kinachofuliwa. Yeye amekubali miguu iwe ya mbao. Mpwa wangu amekubali kumlipa mlinzi wa jirani amtunzie pikipiki, ingawa naona bado hulipima lile boksi lake kwa jicho. Fundi amekuja na daftari kuchukua kishika uchumba, akauliza swali moja tu: upande mfupi uwe kulia au kushoto? Mama Zuhura akasema kushoto, nami nikasema kulia, na tulikuwa tunasema ukuta ule ule, kwa kuwa yeye alijibu akiwa amekaa na mimi nilijibu nikiwa nimesimama ninalitazama. Fundi akaandika yote mawili. Likitengenezwa kinyume, litaziba mlango wa mbele na familia nzima itaingilia jikoni, kwa hiyo nimezuia fedha mpaka aje tena, tusimame wote watatu upande mmoja wa magunia, tunyooshe mkono mmoja. Mama Zuhura anasema ananijua: nitanyoosha usio wenyewe.