Eleza Uso Kwanza, Hisia Baadaye

Soma insha za Kiingereza zinazoandikwa katika shule zetu nyingi hapa Kenya, utakuta nyuso zilezile. Mwenye furaha anatabasamu kutoka sikio moja hadi jingine kama paka wa Cheshire. Mwenye hofu amekodoa macho yakawa kama sahani. Watoto hukaririshwa misemo hii kabla ya mtihani, na insha iliyoijaza husifiwa kwa lugha tamu. Mimi naona inawazoesha kuandika bila kumtazama mtu.

Mtoto afundishwe kwanza kusema uso umefanya nini. Nyusi zimeshuka? Pembe za mdomo zimepanda? Mashavu yameinuka mpaka ngozi ya kando ya macho ikajikunja? Jina la hisia lingoje.

Wachunguzi wa nyuso nao walianzia kwenye misuli. Daktari Mfaransa Duchenne, katika kitabu chake cha 1862, alieleza jinsi alivyoichezesha misuli ya uso kwa umeme, akaonyesha kwamba tabasamu la furaha ya kweli haliishii mdomoni; hukaza pia misuli inayozunguka macho. Mwaka 1978 Wamarekani Paul Ekman na Wallace Friesen walichapisha mfumo wa kuandika uso kwa namba: 4 ni nyusi kushuka, 6 ni mashavu kuinuka, 12 ni pembe za mdomo kuvutwa juu. Namba hizo hazitaji furaha wala hasira.

Na kuna sababu ya kutokimbilia kutaja. Mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walitoa utafiti wa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea. Uso wenye macho yaliyotoka na mdomo wazi, ambao vijana wa Uhispania waliuona wa hofu, vijana wengi wa Trobriand waliuona wa mtu mwenye hasira anayetishia.

Maneno ya Kiingereza yenyewe yanadai uangalifu. Grin ni tabasamu la kuonyesha meno. Smirk ni tabasamu la majivuno. Mwanafunzi akiliweka usoni mwa nyanya anayempokea mjukuu, amemvunjia nyanya heshima. Grimace ni uso uliojikunja kwa maumivu au karaha. Frown ndiyo yenye mtego zaidi: Mwingereza huwazia nyusi zilizokunjwa, ilhali Wamarekani wengi huwazia mdomo uliopinda pembe kuelekea chini. Anayetaka kueleweka na wote wawili hana budi kutaja nyusi au mdomo waziwazi.

Walimu, waketisheni wanafunzi wawiliwawili, watazamane, kila mmoja aandike sentensi tatu kuhusu uso wa mwenzake bila kutaja hisia yoyote. Na mnaposahihisha, mtoto akiandika kwamba mama alibana midomo, akainamisha macho na kuanza kukunjakunja pindo la leso, mpeni alama nyingi kuliko aliyenakili msemo.