Siku niliyomkalia shangazi kisa kontrasti

Tulipohamia chumba na sebule huku Tabata nikawa nakesha na video za kupamba nyumba. Wataalamu wanasema rangi zigawe 60-30-10, yaani asilimia 60 rangi kuu ambayo mara nyingi ni kuta, 30 makochi na mapazia, 10 vikorombwezo vya kuchangamsha macho. Na iwepo kontrasti, giza na mwanga. Mimi nikashika giza, mwanga nikausahau kwenye simu.

Nikaenda Kariakoo nikarudi na ndoo ya lita 20 ya rangi nyeusi. Fundi akaiangalia, akaniangalia na mimi. "Bosi, hii sebule au studio ya kusafishia picha?" Nikamwambia we paka bana. Makochi nikayafuata Keko, meusi tena, maana jamaa alikuwa anapunguza bei na mie bei ikishuka tu akili nayo inashuka. Ile 10 yangu ikawa mito miwili myekundu, mmoja kushoto mmoja kulia, ndo balansi yenyewe hiyo. Juu nikafunga taa ya njano ya wati 5 ya kuleta mudi. Kumbe nyeusi inameza mwanga, rimoti tu nilishawahi kuitafuta siku mbili na iko kwenye kochi mbele yangu.

Sasa shangazi yangu wa Tanga alisema anakuja Jumapili, akaja Jumamosi. Wife kampokea, kampa chai, kaingia jikoni. Bi mkubwa na uchovu wa basi akavuta ushungi usoni akajinyoosha hapo kochini, baibui jeusi tii. Na ile mito myekundu? Imefuliwa, iko nje kwenye kamba.

Mie huyo natoka mpirani, magharibi imeshaingia, miguu inawaka moto, sijawasha hata taa, nikajitupa kwenye kochi na kilo zangu 92 zote.

Kochi likasema, "Yarabi toba!"

Nikajua ni TV ya jirani. Mara nasikia bangili zinalia chini yangu, halafu kibao cha mgongo, paa! Kochi gani linavaa bangili? Hapo akili ikarudi, lakini malezi yakawahi kuliko miguu, nikajikuta natamka "Shikamoo shangazi" na bado nimemkalia.

"Marahaba, hebu ondoka kwanza!"

Wife akatoka mbio na mwiko mkononi, badala ya kumwinua mgeni akashikilia fremu ya mlango anacheka mpaka machozi. Usiku kucha nimemchua shangazi magoti kwa mafuta ya karafuu, yeye huku anarekodi voisi za kwenye grupu la ukoo. Mpaka asubuhi nshapewa jina, Mkaliaji.

Jumatatu nikamrudia fundi, nataka nyeupe. Akasema nyeupe juu ya nyeusi bila praima, ile rangi ya kutangulizia, tunachezea hela, nikajifanya mjuaji, koti la kwanza ukuta ukawa kama uji wa ulezi, la pili kama zege. Saivi tuko la tatu, na praima nimeinunua mwenyewe kimya kimya.

Juzi shangazi kapiga simu, anakuja tena mwezi ujao. Kasalimia vizuri, kauliza wajukuu, halafu akashusha sauti:

"Hivi mwanangu, hayo makochi saivi rangi gani? Nataka nijue nivae nini."