Lubumbashi na programu huria: hoja ya bei haitoshi

Mazungumzo ya mji janja, yaani mji unaoendeshwa kwa teknolojia, yakianza Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC), watetezi wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, hutanguliza bei. Programu ni bure, wanasema, na mji unaoshindwa kuziba mashimo ya barabara za Katuba hauna sababu ya kutuma dola nje kila mwaka kulipia leseni. Inasikika vizuri. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote walizonazo.

Sababu yake haipendezi kutajwa hadharani: katika ofisi zetu nyingi hakuna anayelipia leseni. Fundi anakuja na flashi, anaweka Windows na Office za wizi, anapewa chake na kwenda zake. Mkuu wa ofisi aliyezoea hivyo, neno "bure" litamshawishi vipi? Virusi na kukosa masasisho vitamuumiza, ndiyo, ila si leo.

Faida yenyewe iko kwenye seva, kwenye ramani na kwenye kumbukumbu za viwanja, ambako flashi ya fundi haifiki. Mji wa watu zaidi ya milioni mbili, unaozidi kumeza mashamba upande wa komini (wilaya ya mji) ya Annexe, unahitaji kwanza kujua kiwanja kipi kiko wapi na ni cha nani, kabla ya kuota kamera kila njia panda. Kumbukumbu hizo zikifungiwa ndani ya mfumo ambao kampuni moja tu ndiyo inaweza kuusoma, siku mkataba unapovunjika mji unabaki mgeni mbele ya daftari lake lenyewe. Faili za QGIS, programu huria ya ramani iliyoanza mwaka 2002, zinafunguka kwa programu nyingine pia, na kazi inaendelea hata intaneti ikikatika. Mtu wa Ruashi anayeishi kwa kusubiri umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hahitaji kuelezwa umuhimu wa kompyuta ndogo inayoendelea kuchora bila kuuliza seva ya ng'ambo.

Dar es Salaam wamelijaribu hili. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwaweka pamoja wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakachora nyumba, njia na mifereji ya maeneo yanayofurika, kisha data ikawekwa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia kwenye mtandao, kwa yeyote kuitumia. Wanafunzi wa kufanya hivyo hawakosi UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Wapinzani hujibu kwa kutaja Munich, na wana haki ya kuitaja. Jiji hilo la Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuacha Windows na kuhamia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na kufikia 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows, baada ya malalamiko ya watumishi kuhusu nyaraka zisizofunguka sawasawa na huduma ya ufundi iliyogawanyika. Mwaka 2020 muungano mpya wa vyama ukaahidi kuipa programu huria kipaumbele tena. Kila upande huchukua nusu ya habari inayoufaa. Ninachokiona mimi ni kwamba vita vya Munich vilikuwa mezani kwa karani, kwenye barua na majedwali, yaani mahali ambapo programu huria ina faida ndogo na usumbufu mkubwa. Lubumbashi haina haja ya kuanzia huko. Karani wa komini aachwe na Word yake kwanza.

Kuhusu usalama sitakaa sana. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa ametia mlango wa siri ndani ya xz, kipande kidogo cha programu kinachotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, na ambacho kwa miaka kilitegemea mtu mmoja wa kujitolea. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Msimbo ulikuwa wazi, ndiyo maana aliweza kuufuatilia. Lakini uwazi haukuuzuia kuingia. Anayesema programu huria ni salama kwa asili yake anauza kitu.

Kongo yenyewe ina mfano ambao haupigiwi kelele kwa kuwa hauna roboti wala kamera. Takwimu za afya nchini hukusanywa kupitia DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Leseni yake hailipiwi, lakini mafunzo, seva, usafiri na miaka ya kuwazoesha watu vimegharimu pesa nyingi, na sehemu kubwa imetoka kwa wafadhili.

Hapo ndipo hoja ya wapinzani inaponigusa kweli, kuliko Munich. Programu huria inahitaji watu wa kuitunza, na Lubumbashi iko jirani na migodi. Kijana atakayefundishwa na mji kuendesha seva atatakiwa Kolwezi, mji wa migodi, mwaka unaofuata kwa mshahara ambao meya hawezi kuufikia. Kampuni yenye mfumo uliofungwa walau imesaini kwamba italeta mwingine. Je, italeta? Mara nyingi tawi lake liko mbali, na simu inapokelewa na mtu ambaye naye anasubiri jibu kutoka kwingine. Hata hivyo kuna karatasi ya kuishtakia kampuni, na karatasi hiyo ina thamani.

Kwa hiyo ningekubali hata mfumo uliofungwa mahali fulani, mradi mkataba uilazimishe kampuni kukabidhi data zote kila baada ya miezi michache, kwa muundo unaosomeka na programu nyingine, na kukabidhi kufanyike kweli mbele ya watu wa mji. Ramani na viwanja nisingevifungia kwa yeyote. Na bajeti ya mji ikifika mezani, ningetafuta kwa macho mishahara ya mainjinia watatu au wanne kabla ya kusoma bei ya vifaa. Isipokuwemo, kamera zisubiri.