Upweke wa nyika ulipimwa ofisini

Huku Saskatchewan, jimbo la Kanada, kila maktaba ya mji mdogo ina rafu ya riwaya za walowezi. Nimezisoma nyingi, maana baridi haiishi na zamu zangu katika nyumba ya wazee ni za usiku. Hadithi ni ileile: mume na mke wanashuka kwenye treni mwanzoni mwa karne iliyopita, wanafika pasipo mti wala jirani, wanajenga kwa udongo, mtoto anafariki, ngano inakubali. Zinasomeka, sikatai. Lakini mimi ni Mgogo wa Dodoma, Tanzania, na wazazi wangu walipakiwa kwenye lori la Operesheni Dodoma, ile kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Kuna swali silioni likiulizwa humo: nani aliamua jirani akae mbali namna ile?

Waandishi wanailaumu nyika. Nyika haina kosa. Sheria ya ardhi ya Kanada ya mwaka 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa masharti: alime, ajenge, na aishi kwenye eneo hilohilo, kisha baada ya miaka 3 apewe hati. Wapimaji walishaikata nchi miraba, kila upande nusu maili, bila kujali kilima wala bwawa. Miraba mingine ikawekwa kwa ajili ya kampuni za reli na shule, ikakaa mitupu miaka mingi, kwa hiyo jirani akazidi kusogea mbali. Wamennonite, Wakristo wa dhehebu moja walioingia jimbo jirani la Manitoba miaka ya 1870, walibembeleza hadi wakaruhusiwa kukaa kijiji kimoja na kwenda kulima mashamba yao kutokea hapo. Wengi wa waliobaki walibanwa na masharti. Mwanamke asiye na mume ndiyo kabisa, hakupewa kitu, labda awe mjane mwenye watoto.

Na hiyo nchi "tupu" ilikuwa na wenyewe. Mikataba na Wacree, wenyeji wa huku, na jirani zao ilitiwa saini 1874 na 1876, nyati wakamalizwa ndani ya miaka michache, na baada ya maasi ya wenyeji ya 1885 mwenyeji hakuruhusiwa kutoka kwenye eneo alilotengewa bila karatasi ya ofisa wa serikali. Wakenya waliosimuliwa habari za kipande, kile kitambulisho cha enzi za mkoloni, wataelewa mara moja. Riwayani watu hawa hupita kwa mbali wakiwa juu ya farasi, ukurasa mmoja, basi.

Kwetu serikali ilishika rula hiyohiyo, ikaipima kinyume. Wagogo walikuwa wametawanyika, kila tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, karibu na shamba na zizi lake. Operesheni ya 1971 ikaja kuwakusanya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino kufyatua matofali na wananchi, na picha hizo tumeziona sote. Mwaka 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na sheria ya 1975 ikataka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Shule ilikuja, zahanati ilikuja, na mimi nimesoma kwa sababu ya hiyo shule. Yalikuja pia mambo ambayo baba huyasimulia akiwa ametazama pembeni: tembe zilizobomolewa ili watu wasirudi, mtama ulioachwa shambani, na mashamba mapya ya mbali ambako mtu anafika jua limeshapanda.

Nyumba zenyewe zilikuwa ndugu. Bibi mmoja ninayemhudumia alilelewa katika nyumba ya mabonge ya udongo yenye nyasi, na anasema mvua ikinyesha siku moja nje, ndani ilinyesha mbili. Nilimwonyesha picha ya tembe kwenye simu. Akauliza swali la mtu anayejua shida: paa mlilitengeneza kila mwaka?

Tukilinganisha leo, nasema bila kuzunguka: heri msongamano wetu. Miraba ile bado inawatesa watu wa huku. Watoto wamekwenda mijini, mashamba yamemezana, na mwaka 1993 hospitali ndogo 52 za vijijini katika jimbo hili zilifungwa au kugeuzwa vituo vya afya. Mzee akianguka jikoni, gari la wagonjwa linatoka mbali. Kijijini kwetu jirani anajua hata mboga niliyopika, inaudhi, lakini nikianguka atasikia.

Hapo wenzangu wengi hurukia wimbo wa kwamba Mwafrika ana utu na Mzungu hana. Wimbo huo nimeuchoka, na historia ya hapa inaukataa. Wakulima hawa waliotawanywa walianzisha ushirika wao mkubwa wa ngano miaka ya 1920, na mwaka 1962 Saskatchewan ikawa jimbo la kwanza Kanada kuwa na bima ya afya ya wote. Riwaya zinawasifu kwa kujitegemea, mtu na jembe lake, ilhali kilichowaokoa ni mikutano. Sisi tuliosogezwa karibu, mwaka 1976 vyama vyetu vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri. Tulikaa mlango kwa mlango, na bei ya mazao ikapangwa na watu wengine.

Ndiyo maana nataka riwaya nene ya Operesheni, kwa Kiswahili, iliyoandikwa na mtu wa Ugogo, Usukuma au popote malori yalipofika. Iwe na bibi anayegoma kuacha makaburi ya wazee wake, na balozi wa nyumba kumi anayegawa viwanja akiwapendelea shemeji zake. Iwe na vijana waliofurahia kuhama, kwa sababu walikuwepo, na kijijini kulikuwa na ngoma na wasichana. Na mwandishi asimsahau yule karani aliyekuja na kamba ya kupimia. Ampe jina, ampe mke mkali na mshahara uliochelewa, halafu ampe sura nzima peke yake.