Baba, Toa Pumzi

Hebu niambieni jamani, mtu mzima na heshima zake, mwenyekiti wa kamati za harusi mtaa mzima, anaambiwaje mbele za watu kwamba ana kiribatumbo? Na anayesema ni binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, kavaa koti jeupe, tena anatabasamu.

Leo asubuhi wameleta hema la kupima afya ofisini. Bure. Sasa cha bure utakipitaje? Nikapanga foleni. Mizani ikasema kilo 96. Nikasema mizani mbovu, binti akajibu waliotangulia hawajalalamika. Urefu mita 1.70. Akabofya simu yake kutafuta BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu: 33. Ukifika 25 uzito umezidi, ukifika 30 ni unene uliopitiliza, ndiyo hilo jina la kiribatumbo alilonibandika. Nikauliza kama kuna namna ya kuongeza urefu. Hakuna.

Kisha akatoa utepe.

Nikavuta tumbo ndani, kifua mbele, kama askari wa gwaride la Uhuru.

"Baba, toa pumzi."

"Nimeshatoa."

"Hujatoa, baba, macho yanakutoka."

Nyuma yangu kijana wa uhasibu, ambaye hela yangu anayo mpaka leo, akasema kwa sauti, "Mzee atazimia huyu." Nikatoa. Utepe ukamponyoka binti mkononi. Akaanza upya: sentimita 109. Kwa mwanaume, anasema, 94 tu wanaanza kukutilia shaka, na 102 ukiivuka ni hatari ya kisukari, presha na moyo. Akasoma kwa sauti. Foleni nzima ikasikia.

"Jana ulikula nini, baba?"

"Chakula cha kawaida."

"Asubuhi?"

"Chai."

"Na nini?"

"Chapati mbili." Akaniangalia. "Tatu, lakini zile ndogo. Na supu, ila supu ni maji."

Akaandika mstari mrefu sana kwa mtu aliyekunywa maji.

"Mchana?"

"Wali maharage, na nyama kidogo juu."

"Mboga za majani?"

"Zilikuwepo."

"Ulikula?"

"Nilizisogeza."

"Soda?"

"Moja tu, ya kushushia."

Hapo ndipo akaweka kalamu chini. Chupa ile ya mililita 350, anasema, ina sukari gramu 37 hivi, yaani vijiko vya chai kama 9, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 50 kwa siku, akiweza aishie 25. Nikamkumbusha kuwa chai ya asubuhi hatujaihesabu bado. Akasema anajua.

"Usiku?"

"Chipsi mayai."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mbona usiku sana, baba?"

Mwanangu, wewe unaishi Dar ipi? Mimi natoka nyumbani jogoo hajawika, narudi nimesimama kwenye daladala, mkono juu, kwapa la mtu puani, foleni haisogei. Nikishuka kituoni, kilichowaka taa ni banda la chipsi. Mchicha unauzwa wapi saa nne usiku? Nani anakaanga tembele kituoni? Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, sawa, nimesikia, lakini yule kijana wa chipsi ndiye pekee anayenikaribisha kwa jina mji huu mzima! Ningekuwa nafika nyumbani saa kumi na mbili ningekula matango, wallahi.

Akanishauri nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga, robo nyama au maharage. Nusu sahani mchicha! Wakwe zangu wakikuta sahani hiyo mezani watajua nimeachishwa kazi. Kwa mama mkwe mwenyewe ndiyo usiseme, ukikataa kijiko cha tatu cha pilau anauliza kama mmegombana.

Na ukipungua? Mwaka juzi homa ilinikondesha kidogo, mtaa mzima ukaanza kunipa pole na kuninong'ona. Nikirudia mwili, "Aah, mzee umenawiri, mambo si mabaya!"

Mazoezi nafanya. Jumamosi tunakimbia na klabu ya mtaani, tunaishia kwenye supu ya kongoro.

Kinachoniuma zaidi ni suruali. Nilimpelekea fundi mbili azitanue kiuno, tangu kabla ya Idi. Kila nikienda, njoo kesho. Mara umeme, mara uzi wa rangi ile umeisha Kariakoo nzima. Fundi mwenyewe mwembamba, hana hata nyonga. Majuzi nimemkuta harusini kavaa suruali inayofanana na yangu, kaikaza kwa mkanda mpaka imekunjamana mbele. Nikamvuta pembeni. Ananiambia anaangalia kama mshono umeshika.