Chozi Langu la Shilingi 20

Mimi nililia. Saa moja na nusu asubuhi, kwenye matatu ya Bamburi, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya samaki na kijana anayelala kwa kufungua mdomo, nikamlilia bwana wa redioni aitwaye Juma wa Changamwe, aliyekimbiwa na mkewe. Mke kahama na godoro, televisheni na balbu. Balbu, jamani! Mtangazaji akampigia hewani, yule mke akajibu, "Mwambie akae gizani, afikirie." Matatu nzima ikageuka mahakama. Dereva yuko upande wa mke. Makanga akamtetea Juma kwa uchungu mpaka akasahau kunirudishia chenji yangu ya shilingi 20, nami nikaona haya kuidai mbele ya msiba.

Wiki tatu baadaye, kipindi kilekile, akaja Athumani wa Mtwapa, ati kamfumania mchumba. Katikati ya kilio Athumani akakohoa: khe, khe, khe, khoo! Kama bodaboda inayokataa kuwaka. Nikashtuka. Kikohozi kile nakijua, kinanipitia ukutani kila usiku. Ni cha Kombo, jirani yangu. Na Kombo hana mchumba. Kombo hata paka hana!

Jioni nikamvaa. Wala hakukana. "Ah, yakhe, si burudani tu? Wananipa mia tano na maneno ya kusema. Wewe umedhurika wapi?"

Nimedhurika wapi? Chozi langu je? Na 20 yangu?

Mimi sina ugomvi na maigizo. Michezo ya redio tumeisikiliza tangu utotoni, tukacheka, na mwisho wakatusomea majina ya waigizaji, kila mtu akaenda kulala salama. Huyu wa asubuhi anaapa: "Wasikilizaji, hii ni kweli tupu, hatuigizi hapa!" Kisha tangazo la sabuni. Hapo ndipo ninapokereka. Sabuni inauzwa kwa machozi yangu.

Nina mteja wangu pale Kongowea ninapouza mitumba, mwalimu mstaafu, mtu wa kuchagua shati moja kwa saa mbili. Akaniambia haya hayakuanza na Kombo. Tarehe 30 Oktoba 1938 huko Marekani, Orson Welles alirusha mchezo kwenye CBS wa viumbe kutoka Mars wanaovamia dunia, umetengenezwa kama taarifa ya habari. Walitangaza mwanzoni kwamba ni mchezo, lakini aliyechelewa kufungua redio kasikia nini? Baadhi yao walipata hofu ya kweli. Mwaka 1949 Radio Quito ya Ecuador nayo ikajaribu. Watu walipogundua wamechezewa, walilichoma moto jengo la redio, na wengine wakafia humo. Mwalimu akasema pia Marekani kulikuwa na huduma iitwayo Premiere On Call, kazi yake kuvipatia vipindi vya redio waigizaji wa kupiga simu. Huduma nzima! Sisi tuna Kombo na kikohozi chake.

Haya. Sasa mtaniuliza, mbona wiki iliyopita nilisikika mimi mwenyewe? Mia tano ni mia tano. Kombo alikuwa mgonjwa, wakahitaji mume mwovu haraka, na mimi nilikataa kwa dakika kumi nzima.

Karatasi ilisema: mume kala pesa za chama za mkewe. Basi. Lakini mimi kazi nusunusu siiwezi, nikatia chumvi. Nikasema mke wangu anazificha kwenye mkebe wa majani ya chai, nyuma ya debe la unga, na nilichomoa 3,000 nikaenda kubeti. Nikalia vizuri kumshinda Kombo. Nafikiri mpaka mtangazaji aliniamini.

Nyumbani nikamkuta Mama Salma kakaa sakafuni, mkebe mapajani.

"Baba Salma, umejuaje mkebe?"

"Mama Salma, ile ni burudani. Nilikuwa naigiza."

"Sawa. Na 3,000 iliyopungua, nayo inaigiza?"

Hapo, ndugu zangu, niliona ubaya wa redio hizi. Wanakufundisha kusema uongo, halafu unatoka kweli kwa bahati mbaya. Nilizikopa tu! Nilikuwa nizirudishe Ijumaa. Ijumaa ipi, sikutaja, na sioni kwa nini mama mkwe ampigie mwanawe kutoka Kwale kumwuliza jambo hilo. Naye kumbe ni msikilizaji.

Jana wamempigia Mama Salma simu. Wanataka kutupatanisha hewani, aje alie kidogo, watamlipa 500. Nikamwambia akatae, hayo si maadili. Akanitazama.

"Nimewaambia 3,500," akasema. "3,000 ni za chama. Na kulia utalia wewe."

Kesho saa moja na nusu, wa matatu ya Bamburi, tafadhalini mwambieni dereva aweke kaswida.